MUHOGO UNATUFUNDISHA BIOLOJIA: KUTOKA SELI MPAKA PAHALI MMEA UNAKAA



Wengi wetu tunajua biolojia ya kukariri. Mwalimu akiuliza, "Seli ni nini?", tunajibu mbio-mbio kama kasuku: "Ni sehemu ndogo kabisa ya kiumbe chenye uhai." Pointi zinapatikana, buku linafungwa, na mangaribi tunakula bugali bila kufikiri kwamba ile unga ilitoka mu mamilioni ya seli. Sisi wa darasa la sita Bio-Kemi, ambao Egzame d'Etat iko mbele yetu, tumeona ni vizuri kueleza somo hili kwa njia ya mmea mmoja tu ambao kila mtu anaujua, kutoka mtoto wa kalasi ya kwanza mpaka Bwana Prefe: muhogo.

Tumeuchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza: mu muhogo mtu anaweza kufuata habari yote, kutoka seli, kupita mzizi na jani, mpaka udongo ambao mmea unakaa ndani yake. Ya pili: anayefahamu vizuri seli ya muhogo anaweza kulinda miguu ya wadogo zake. Hatusemi hivyo kwa kutia chumvi. Fuateni pole pole, mtaona.

1. SELI NI NYUMBA YENYE VYUMBA

Mu mwaka wa 1665, Mwingereza Robert Hooke alitazama kwa mikroskopu kipande chembamba cha kizibo, yaani lile gome la mti linalofunga chupa. Aliona vyumba vidogo vidogo vimepangwa kama sega la nyuki, na akaviita kwa neno linalotoka ku Kilatini, maana yake chumba kidogo. Ndiyo asili ya neno letu seli. Kisha mu 1838 Mjerumani Schleiden alifundisha kwamba mimea yote imejengwa kwa seli, na mu 1839 mwenzake Schwann akasema vilevile kuhusu nyama. Mu 1855 Virchow akaongeza neno kubwa: kila seli inatoka ku seli ingine. Hakuna seli inayozaliwa bure.

Vyumba alivyoona Hooke vilikuwa vitupu, kwa sababu kizibo kimekwisha kufa. Seli hai ya muhogo haiko tupu hata kidogo. Iko na:

a) Ukuta wa nje, umejengwa kwa selulozi. Ndio unaofanya mmea usimame bila mifupa.
b) Membrani, ngozi nyembamba ndani ya ukuta. Ni mlinzi wa mlango: huyu aingie, huyu abaki nje.
c) Sitoplasma, ule uteute ambamo kazi zinafanyika.
d) Kiini, kinachotunza maagizo yote ya mmea mu kromosomu 36. (Mtu iko na 46.)
e) Mitokondria, pahali seli inatumia oksijeni kupata nguvu kutoka ku chakula.
f) Vakuoli, mfuko mkubwa wa maji katikati. Shikeni sana hili jina, tutarudi kwake.
g) Mu seli za jani, kloroplasti za rangi ya majani mabichi. Mu seli za mzizi, chembe nyeupe za wanga, ambazo darasani tunaziita amido.

Seli ya mtu haina ukuta wa selulozi wala kloroplasti. Kwa hiyo mtu hawezi kusimama mu jua na kushiba. Lakini mitokondria tunazo sawa na muhogo. Hilo nalo mlishike.

2. MAJARIBIO MAWILI BILA LABO

Shule nyingi hazina mikroskopu ya kutosha. Haizuru. Chukueni muhogo mutamu ulio mubichi, mukate vipande viwili virefu kama kidole. Kimoja mukitie mu maji matupu, kingine mu maji yenye vijiko vitatu vya chumvi. Mungoje saa mbili. Kile cha maji matupu kitabaki kigumu. Kile cha chumvi kitalegea na kupindika. Kwa nini? Maji yametoka mu vakuoli, yakapita membrani, yakaenda upande wenye chumvi nyingi. Ndiyo ile osmozi inayowasumbua watu mu intero. Seli yenye maji inasukuma ukuta wake kama mpira uliojazwa hewa. Seli iliyopoteza maji inalegea. Mboga inayonyauka mu jua la saa sita inafanya vilevile.

Jaribio la pili: mu kipande kingine mudondoshe tone moja la teinture d'iode, ile dawa ya vidonda. Pahali pale patageuka bluu inayokaribia weusi. Ni alama ya amido. Mujaribu vilevile ku kiazi na ku mchele. Vipande vya majaribio havilwi, na mikono inawe.

3. KUTOKA SELI MPAKA MMEA

Seli moja haifanyi kitu peke yake. Seli za kazi moja zikikusanyika zinafanya tishu, tishu zinafanya ogani kama mzizi, shina na jani, na ogani zote pamoja ni mmea.

Chini ya jani kuna vitundu vidogo sana vinavyofunguka na kufungika, vinaitwa stomata. Hewa ya gazi kaboniki inaingia pale. Maji yanapanda kutoka mu mizizi kupitia mirija. Kwa nguvu ya jua, kloroplasti inaunganisha hewa hiyo na maji, inafanya sukari, na oksijeni inatoka nje. Hiyo ni fotosentezi. Sukari inashuka kwa mirija ingine mpaka mu mzizi na kuwekwa akiba kama amido. Kwa hiyo mzizi wa muhogo ni gala, na jani ni shamba. Wale wanaochuma sombe yote mpaka shina libaki uchi, wasishangae kukuta gala tupu.

Muhogo haupandwi kwa mbegu mu mashamba yetu, unapandwa kwa kijiti. Mu macho ya kijiti kuna seli changa zinazojigawa, moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa ine, kama Virchow alivyosema. Kila seli mupya inapokea maagizo yaleyale ya mama yake. Ndiyo maana kijiti cha muhogo mchungu kinazaa muhogo mchungu, na cha mutamu kinazaa mutamu.

4. CHUMBA CHENYE HATARI

Sasa turudi ku vakuoli. Pamoja na maji, vakuoli ya muhogo inatunza kitu kinachoitwa linamarini. Linamarini ikiwa peke yake inakaa kimya. Lakini mu ukuta wa seli kuna anzimu moja, jina lake linamarazi. Seli ikiwa nzima, hawa wawili hawaonani, kama vile chumvi iko mu kabati na maji mu mtungi. Jino la panya likivunja seli, au kisu, au mchi, vyumba vinafunguka. Anzimu inakutana na linamarini, inaikata, na mwisho wake inatoka siyanidi, sumu kali.

Siyanidi inaua namna gani? Inaingia mu mitokondria na kufunga njia ya oksijeni. Damu inaleta oksijeni, lakini seli haiwezi kuitumia. Inakuwa kama mtu anayekufa kwa njaa mbele ya sahani imejaa. Na kwa sababu mitokondria zetu ni sawa na za panya na za nguruwe wa pori, sumu haichagui.

Muhogo mutamu iko na sumu kidogo ndani, na nyingi zaidi mu ganda. Muhogo mchungu iko nayo nyingi mpaka katikati. Uchungu ni alama nzuri, lakini si kipimo kamili. Ulimi peke yake hautoshi kuhukumu.

5. KWA NINI WAMAMA WANALOWESHA MUHOGO

Hapa ndipo tunaona kwamba wamama wetu walikuwa wakemia zamani kabla ya shule kufika. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, na Wareno waliuleta ku pwani ya Kongo mu karne ya 16. Tangu hapo watu walijifunza kuutengeneza. Tuangalie kila kazi kwa macho ya seli.

Kulowesha mu maji siku tatu ao ine: vidudu visivyoonekana vinachachusha na kulainisha mzizi, kuta za seli zinavunjika, anzimu inakutana na linamarini. Siyanidi inatoka na kuyeyuka mu maji. Kwa hiyo maji yale ni ya kumwaga, si ya kupikia.

Kuanika ku jua: siyanidi inachemka na kuwa gazi tangu joto la digri 26 hivi. Jua linaifukuza iliyobaki.

Kuponda sombe mu kinu: wengi wanafikiri ni juu ya kulainisha mboga tu. Mchi unavunja seli za majani, sumu inatoka, na moto wa kupika unaifukuza. Sombe ipondwe sana kabla ya kupikwa.

Na hapa kuna ulizo ambalo hata wakubwa wanalikosa: kwa nini haitoshi kuchemsha tu muhogo mchungu? Kwa sababu maji ya moto yanaharibu anzimu mbele haijafanya kazi yake. Linamarini inabaki mu kipande, tunaimeza, na vidudu vya tumbo letu vinaweza kuikata ndani yetu. Moto unakuja nyuma ya maji na siku, hauwezi kuchukua pahali pake.

Tena, ku milima yetu ya baridi vidudu vinafanya kazi pole pole. Pahali siku tatu zinatosha mu bonde la joto, juu mlimani zinaweza kupita ine. Msihesabu kalenda peke yake. Alama ni muhogo wenyewe: ukibonyeza kwa kidole na unavunjika laini mpaka katikati, uko tayari.

6. MMEA HAUKIMBII: PAHALI MMEA UNAKAA

Mbuzi akisikia kiu anakwenda mtoni. Akimuona chui, anakimbia. Mmea hauna miguu. Pahali mbegu ao kijiti kimeanguka, hapo ndipo utapigana mpaka mwisho, na silaha zake zote ziko mu seli. Pahali hapo, pamoja na maji yake, joto, mwangaza na udongo, ndipo tunapoita kwa Kifaransa habitat, yaani makao ya mmea.

Tazameni inchi yetu. Mu vinamasi kunaota mafunjo. Matope yale hayana hewa, na mizizi ya kawaida ingekosa oksijeni. Lakini shina la mafunjo limejaa nafasi za hewa mpaka chini, kwa hiyo seli za mizizi zinapumua. Mukipanda kutoka Ziwa Kivu, lililo ku meta 1.460, kuelekea kilele cha Kahuzi, meta 3.308, mutaacha migomba nyuma, mutaingia mu pori kubwa, kisha mu mianzi, na juu kabisa mutakuta miti mifupi inayovumilia upepo na baridi ya usiku. Mu Katanga kuna milima ya shaba ambako mimea mingi inakufa kwa sumu ya udongo, lakini ua moja dogo, Haumaniastrum katangense, linamea pale bila shida. Kila mmea umepatana na makao yake.

Na muhogo? Unapenda joto, kama mu bonde la Ruzizi. Baridi ya juu mlimani inauchelewesha sana. Mu kinamasi mizizi yake inaoza, maana haina zile njia za hewa za mafunjo. Lakini mu udongo maskini na mu ukame ni shujaa. Mvua ikikatika, unafunga stomata mapema ili maji yasitoke, unaangusha majani mengine, na kungoja. Mahindi yanakauka, muhogo unabaki. Tena ile sumu ni uzio wake: wakulima wengi wanachagua muhogo mchungu kwa sababu nyama wa pori na wezi hawaushambulii mbio.

Lakini wakati wa ukame, linamarini inaongezeka mu mizizi. Kijiti kilekile, cha shamba lilelile, mwaka wa mvua na mwaka wa jua kali hakitoi muhogo wenye sumu sawasawa. Udongo na mbingu vinaingia mpaka mu vakuoli. Hapo seli na makao ni somo moja, hata kama mu buku ziko sura mbili mbalimbali.

7. KONZO

Sasa ndiyo sababu ya pili tuliyoitaja mwanzo. Mu mwaka wa 1938 munganga Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa Kwango ambao Wayaka wanauita konzo. Jina linamaanisha miguu iliyofungwa. Mtu analala muzima. Asubuhi, ao mu siku chache tu, miguu yote miwili inakuwa migumu, haitii tena. Inakamata zaidi watoto waliopita miaka mitatu na wamama wenye umri wa kuzaa. Mgonjwa anabaki na akili yake nzima, lakini miguu hairudi kama zamani. Wengine wanatembea kwa fimbo, wengine wanatambaa maisha yote. Hakuna dawa ya kuiponya.

Mu 1981, wakati wa ukame mkubwa, zaidi ya watu 1.000 walipatwa mu Nampula, inchi ya Mozambiki. Mu Bandundu ya zamani, wataalamu waliona jambo la kuhuzunisha: barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilileta wanunuzi wa muhogo, na ili kuuza mbio watu walipunguza siku za kulowesha, kutoka tatu mpaka moja. Faida iliingia mfukoni na sumu ikabaki mu sahani. Na mu 2011 waganga waliandika kwamba konzo imeonekana mu Kivu ya Kusini, ambako vita viliwafukuza watu mu mashamba. Kwa hiyo si habari ya mbali.

Wataalamu wanaiunganisha na mambo mawili yakienda pamoja: kula muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri kwa wiki nyingi, na kukosa vyakula vya protini. Mwili wetu unajua kuvunja siyanidi kidogo, lakini kwa kazi hiyo unahitaji sulfuri inayotoka mu protini. Anayekula bugali na maharagi, samaki, mayai ao nyama anajilinda. Anayekula bugali na sombe tu, siku zote, hana silaha.

Mu vijiji vingine watu wanasema konzo ni uchawi, wanamtafuta mzee wa kushitaki. Wandugu, sisi tuliosoma tusinyamaze hapo. Bibi wa mtu asifukuzwe nyumbani kwa kosa la linamarini.

8. TUNAWEZA KUFANYA NINI LIKIZO

Moja: tusiwaharakishe wamama. Mtoto akilia njaa na muhogo uko siku ya kwanza mu maji, upikwe muhogo mutamu, ndizi ao kiazi. Ule mchungu umalize siku zake.

Mbili: kama unga ya muhogo imenunuliwa soko na hatujui ililoweshwa siku ngapi, kuna njia nyepesi iliyotafutwa na Howard Bradbury wa Australia na wenzake, na wamama wa Kwango wameitumia. Mutie unga mu beseni na kuweka alama pahali inafika. Muongeze maji na kukoroga. Unga itashuka, kisha itapanda tena. Ikifika ku alama ileile, muache maji. Mutandaze ku mkeka safi, unene usipite santimeta 1. Mungoje saa mbili mu jua, ao saa tano mu kivuli. Kisha mupike bugali siku hiyohiyo. Unga ikilowa, anzimu iliyobaki inaamka na kumaliza kazi. Njia hii inasaidia kulowesha mizizi, haiondoi.

Tatu: mu sahani ya bugali kusikosekane maharagi, ao sambaza wa Ziwa Kivu, ao ndagala wa Tanganyika, hata kidogo.

Inchi zilizo mu OMS na FAO zilikubali kwamba kilo moja ya unga ya muhogo isipite miligramu 10 za siyanidi. Mashini ya kupima hatuna mu jikoni. Tuko na maji, jua, kinu na uvumilivu.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Taja vitu viwili ambavyo seli ya muhogo iko navyo na seli ya mtu haina.
2. Kwa nini kipande cha muhogo kinalegea mu maji ya chumvi?
3. Linamarini inakaa wapi, na linamarazi wapi? Zinakutana wakati gani?
4. Rafiki yako anasema: "Nilichemsha muhogo mchungu saa nzima, hauna sumu tena." Mjibu.
5. Eleza kwa nini mafunjo yanaishi mu kinamasi na muhogo unaoza humo.
6. Mwaka wa ukame unaongeza hatari ya konzo kwa njia mbili ao zaidi. Zitafute.

Wa darasa la kwanza na la pili wajibu maulizo matatu ya kwanza. Wakubwa wajibu yote. Majibu yaandikwe ku karatasi na kuletwa kwa kapita wa kila kalasi mbele ya juma lijalo. Tutayasahihisha pamoja, na mwalimu wa biolojia amekubali kuwa mwamuzi pahali tutakapobishana.

Mungu aliyetupa muhogo alitupa vilevile akili ya kuutengeneza. Tuzitumie zote mbili.

Kapita wa wanafunzi,
kwa jina la darasa la sita Bio-Kemi